Kila Ukurasa Utaje Ndugu Zake

11 Januari

Mdogo wangu, Kasuku wa Mama,

Najua ukiona jina langu kwenye barua pepe utadhani kuna msiba. Tulia, hakuna msiba. Paa la karakana tulilibadilisha mwaka jana, lile lililokuwa likivuja juu ya meza ya patasi, na sasa mvua ikinyesha tunafanya kazi bila ndoo. Nimeoa, kama hukusikia. Wifi yako ni mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache na macho mengi, na anasema angependa kukufahamu. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua kama kawaida, lakini bado anashona mikanda ya miguu yote ya bandia inayotoka hapa, na bado akikuta mshono wangu umepinda anaufumua bila kuniangalia usoni.

Miaka mitatu bila neno si mchezo, lakini tusianze kuulizana nani alinyamaza kwanza. Nimekuandikia kwa sababu ya tovuti. Wagonjwa wa hapa wamepungua. Wengine wanaenda kwa Vidole Tisa ng'ambo ya barabara, yule aliyeacha kidole kwenye msumeno, ambaye miguu yake ya bandia inalia kama mlango wa choo. Nikasema basi, nje ya nchi kuna watu wengi waliokatwa miguu, na mguu wa mti na ngozi kama wetu huko hautengenezwi tena. Nikafungua tovuti kwa lugha nne, nikatafsiri mwenyewe kwa mashine. Imekaa mtandaoni tangu katikati ya mwaka jana. Walioingia ni mimi, wifi yako, na mtu mmoja aliyetaka kuniuzia viatu.

Wewe unaishi ndani ya lugha mojawapo. Wewe ni mkalimani wa hospitali, unawasikia watu hao kutwa. Nisaidie tovuti ionekane wanapotafuta. Neno la siri liko chini ya barua.

Wazo si langu peke yangu. Nilimwonyesha Mama kompyuta, nikamweleza kwa mikono, kwa ishara zetu, kwamba hakuna anayetuona. Akafikiri kidogo, kisha akaonyesha upande ndege zinakopita. Unajua alimaanisha nani.

Kaka yako


2 Februari

Kaka,

Barua imefika, na nimekaa nayo kwanza. Mimi sijambo. Chumba changu kiko juu ya duka la dobi. Mashine zinazunguka chini ya kitanda changu mpaka jioni na sakafu ina joto mwaka mzima, kwa hiyo katika mji huu wa baridi mimi ndiye ninayetembea bila soksi. Hongera kwa ndoa. Mwalimu wa hesabu mpe salamu na umpe pole, kwa sababu kupiga hesabu pamoja nawe si kazi ndogo.

Nimeifungua tovuti yako, nimecheka mpaka nikaona aibu. Kaka, umetafsiri maneno ya fundi. Umeandika "viungo mbadala vya miguu vya ubora wa hali ya juu". Hakuna mtu duniani aliyekatwa mguu akaamka asubuhi akaandika hivyo kwenye kisanduku cha kutafutia. Mtu anaandika kinachomuuma. Anaandika "kigutu kinachubuka nikitembea". Anaandika "mguu usiokuwepo unawasha, nifanyeje". Mimi nakaa katikati ya daktari na mgonjwa, na nakuapia hao wawili hawana lugha moja hata wakiwa wamezaliwa mtaa mmoja. Tovuti yako inaongea na daktari, na daktari hatafuti mguu.

Halafu mashine ya kutafutia wanayoipenda huku siyo ile unayoijua wewe. Kila nchi ina mlango wake, nawe umesimama kwenye mlango wa kwenu unagonga wa jirani.

Sasa la kwetu. Siku niliyoondoka ulinipigia simu nikiwa uwanja wa ndege, ukaniambia Mama amepangusa viganja, kama mtu anayemaliza kukanda unga, na kwamba kuanzia siku hiyo hilo ndilo jina langu mikononi mwake. Unajua jina langu la zamani. Alikuwa akishika sikio, kwa sababu tangu utoto nilisimama kwenye mlango wa karakana nikamwambia kwa mikono wateja wanasema nini. Mimi ndiye niliyekuwa masikio yake. Baadaye kila nilipopiga kwa video ulisema amegeukia ukuta, mpaka nikaacha kupiga.

Sasa unaniambia ameonyesha ndege. Hilo si jina, hilo ni upande. Nijibu jambo moja tu: Mama ananiita vipi siku hizi? Ukinijibu, nitaanza kazi.

Mdogo wako


5 Februari

Kasuku,

Wewe umejibu baada ya wiki tatu, mimi najibu baada ya siku tatu, ili ijulikane nani ana shida. Sisi wazima. Wifi yako hana salamu leo, amenuna tangu aliposoma barua yako, na sijui umemkosea nini.

Ulitaka ukweli. Nimemuuliza Mama asubuhi hii, akiwa na uzi mdomoni. Nimeshika sikio, nikainua nyusi. Akautoa uzi, akaulaza mezani, akapangusa viganja. Usinikasirikie, mjumbe hauawi.

Lakini sikiliza. Amepangusa mara moja. Zamani alikuwa akipangusa mara mbili tatu, kwa nguvu, mpaka vumbi la ngozi linaruka. Naona kuna kitu kinalainika, na kimeanza kulainika tangu nilipomwambia kwamba huenda ukatusaidia. Mkono mtupu haulambwi, mdogo wangu, hata mbele ya mama mzazi.

Habari ya video isahau. Uso wake umelegea upande mmoja tangu mwaka jana na hataki kuonekana, na wewe ndiye hasa hataki umwone. Anza na kurasa.

Kaka yako


27 Februari

Kaka,

Salamu kwa wote wawili, na kwa mwenye uzi mdomoni. Huku theluji imegeuka tope na hospitali imejaa mikono iliyovunjika.

Kazi nimeifanya. Nilikaa kwenye mabenchi ya kliniki baada ya zamu yangu, nikawauliza wagonjwa waliokubali kuongea nami: siku uliyorudi nyumbani bila mguu, uliandika nini cha kwanza kwenye simu? Mama mmoja aliandika "jinsi ya kuoga ukiwa na mguu mmoja". Dereva wa lori, mtu mzima mwenye mabega kama kabati, alitazama sakafu kwanza, kisha akasema aliandika "mke wangu ataniona vipi". Hayo ndiyo maneno niliyoyafanya vichwa vya kurasa zako. Chini ya kila kichwa nimejibu kwanza, nikaeleza kazi yenu baadaye. Chama cha waliokatwa viungo cha mji huu kimekubali kukutaja kwenye tovuti yao, na hilo ni kubwa kuliko unavyodhani. Mashine ya huku inawaamini wenyeji. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, basi mimi nimekufungua kamba.

Kuna jambo moja usilisahau hata ukisahau mengine yote. Kurasa za lugha nne ni ndugu. Ndani ya kila ukurasa, mahali ambapo msomaji haoni, lazima iandikwe ndugu zake ni akina nani na kila mmoja anasema lugha gani. Usipofanya hivyo mashine inadhani ni watu baki wanaoibiana maneno, inawaficha wote. Za sasa nimeziunganisha mwenyewe. Ukiongeza ukurasa, kwa lugha yoyote ile, utaje ndugu zake.

Nawe una kazi yako. Mpelekee Mama ujumbe huu kwa mikono, usipunguze kitu. Shika sikio. Onyesha mlango wa karakana. Weka kiganja kifuani, ukiache hapo. Kisha subiri, na usimsaidie kujibu.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulizidiwa na kazi, na nasema hivyo kwa majigambo. Wametuandikia kutoka huko kwako mwalimu wa dansi, mkulima, na baba wa watoto mapacha. Nimeajiri fundi wa plasta wa kutengeneza kalibu za vigutu. Wote wanasema walitukuta wakiwa wanatafuta jambo jingine kabisa. Yule dereva wa lori naye ameandika, anataka mguu wa kukanyagia klachi. Vidole Tisa amevuka barabara kuja kuchungulia, akajifanya anaazima gundi.

Ujumbe wako nilimpa Mama. Sikio, mlango, kifua. Aliendelea kuutia uzi nta mpaka nikadhani hakuelewa. Halafu mkono wake ukapanda, ukapita bega, ukafika shingoni, ukarudi mapajani. Shingoni, Kasuku. Toka kupangusa viganja mpaka shingoni ni safari ndefu kwa mtu mwenye kichwa kigumu kama yule. Ukituongezea kurasa za waliokatwa juu ya goti, na za watoto, nani ajuaye mkono utafika wapi.

Tena kuna ile nchi ya tatu niliyoilenga, yenye herufi kama nyayo za ndege. Kurasa zangu za huko bado zimelala. Nishauri.

Kaka yako


20 Aprili

Kaka yangu,

Sentensi ya shingo nimeisoma nikiwa kwa dobi, nimeshika shuka zilizolowa, na nimelia mbele ya watu. Sioni haya kukuambia. Mwenye duka alinipa kiti akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, ni kinyume chake.

Kurasa za juu ya goti nimezimaliza, utazikuta. Za watoto zinanisumbua, kwa sababu anayeandika si mtoto, ni mzazi, na mzazi anaandika mambo ambayo hawezi kumtamkia hata daktari. Nipe muda.

Lugha ya nchi ya tatu siijui hata herufi moja. Nimemuuliza mwenzangu kazini, mkalimani wa lugha hiyo, mwanamke mkali anayekunywa chai yake bila kuketi. Anasema watu wa kwao hawanunui dukani, wananunua kwa mtu. Wanataka kujua nani alianzisha kazi, lini, ana sura gani, yuko wapi sasa. Andika habari za Mama na uweke picha yake akiwa kwenye meza yake. Na usisahau ndugu.

Nakuomba video. Mikono tu. Elekeza kamera mezani, uso ufunikeni hata kwa gunia. Nataka kuuona huo mkono ukipanda.

Mdogo wako


9 Mei

Kasuku,

Tuko salama. Hapana.

Nimemwambia unataka kuona mikono tu, akaificha chini ya aproni. Unataka nimlazimishe? Mtu aliondoka mwenyewe, akapanda ndege mwenyewe, leo anataka mama yake arekodiwe kama nyani wa maonyesho. Asiyekuwepo na lake halipo. Unapata unachopata kwa sababu mimi nakuombea kwake kila siku, na siku nikichoka utabaki na hizo shuka zako.

Ya nchi ya tatu niachie mimi. Nimeandika habari za Mama kama alivyosema mwenzako, nimezitia kwenye mashine ya kutafsiri, nimeweka picha, na ndugu wote nimewataja kama ulivyonifundisha. Tayari wameanza kuuliza. Wewe shughulika na watoto.

Kaka yako


30 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi, na kwa Mama kuliko wote. Kiangazi kimefika na chumba changu sasa ni tanuri, nalala na madirisha wazi nikisikiliza mabasi. Mwenzangu wa kazini, yule asiyeketi, naye anakusalimu.

Leo sijakuletea kazi. Ulikuwa na haki ya kukasirika, nimekusumbua kwa video. Naomba kitu kidogo kuliko video. Niambie Mama amevaa nini leo. Amekaa wapi, mlangoni au dirishani? Amekula vizuri? Anashona mkanda wa nani? Niandikie kila kitu, kama vile nimesimama hapo natazama. Nikiwa na hayo, nitamaliza za watoto.

Mdogo wako


3 Julai

Mdogo wangu,

Sasa umeongea kama dada. Basi simama hapo utazame.

Amevaa lile gauni la kijani lenye mifuko miwili, mkasi uko katika mfuko wa kulia na nta ya uzi katika wa kushoto. Amekaa dirishani kwa sababu ya mwanga. Amekula vizuri, amebakiza kipande cha mkate, na amekificha kama kawaida yake akidhani hatuoni. Anashona mkanda wa dereva wako wa lori. Ameupima kwenye paja lake mwenyewe, akacheka kicheko chake kile kisicho na sauti, mabega tu yanatikisika.

Tena keti, maana jambo lenyewe ni hili. Nilipomwambia umeuliza habari zake, ameshika sikio. Hakuishia shingoni. Amelishika kwa vidole viwili, akalivuta, akatazama mlangoni. Nimekupigania mpaka tumefika hapo, na sidai asante.

Za watoto lini?

Kaka yako


15 Agosti

Kaka,

Asante kwa gauni la kijani. Nalifahamu. Nililiona mwezi wa sita, kabla hujaniandikia habari zake.

Nilikuwa nakagua kurasa zako, kazi ya kawaida. Kwa kila ukurasa nafungua orodha ya ndugu zake, nahakikisha kila mmoja anafunguka. Ukurasa wa mbele wa lugha ya huku ulikuwa na ndugu mpya, wa zile herufi kama nyayo za ndege. Ulimtaja vizuri, mahali pake, bila kosa. Wewe ukifundishwa unashika. Nikaufungua. Mama yuko dirishani katika gauni la kijani la mifuko miwili, na chini ya picha kuna miaka miwili yenye mstari katikati, kama juu ya kaburi. Mtu hahitaji kujua lugha ili kusoma hivyo.

Nilimpelekea mwenzangu kazini. Alisoma, akaweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akavuta kiti akaketi. Kisha akanifasiria. Mwanzilishi wetu, mama yetu mpendwa, aliyetutoka Oktoba ya mwaka jana, ambaye mikono yake bado inaishi katika kila mshono. Umeandika vizuri, Kaka. Watu wa nchi ile wananunua kwa mtu, nawe umewauzia maiti. Mimi umeniuzia mtu aliye hai.

Alikuwa na miezi mitatu ardhini ulipoandika kwamba hakuna msiba. Ule uzi mdomoni, ule mkono uliofika shingoni, vyote ulivitunga ukiwa umekaa kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa nahesabu urefu kutoka bega hadi sikio la mtu aliyezikwa.

Barua ya Juni niliiandika nikiwa najua. Nilitaka kuona kama utasimama. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini wewe ulifika mwisho wake ukaendelea kutembea, ukamchekesha na kumficha mkate.

Sasa nikueleze nilichofanya, kabla hujakisoma mwenyewe. Neno la siri nimelibadilisha. Kurasa zote nimezishusha, umebaki mmoja. Unaeleza kwamba karakana hii ilianzishwa na mwanamke kiziwi aliyeshona kwa kupapasa, kwamba alifariki, na kwamba mwanawe wa kiume alimficha dada yake kifo hicho akamlipa kazi kwa salamu za marehemu. Sikuongeza chumvi, haikuhitaji. Wagonjwa sikuwaonea. Walioagiza nimewaandikia mmoja mmoja, na chini ya ukurasa nimeweka anwani ya Vidole Tisa. Miguu yake inalia, lakini inalia kweli.

Na kwa kuwa ukurasa lazima utaje ndugu zake, nimeuweka kwa lugha zote nne, ya kwetu ikiwemo. Andika jina la karakana mahali popote uone kinachotangulia. Uliniomba uonekane.

Mdogo wako


16 Agosti

Uondoe.

Leo sina salamu. Ule wa lugha ya kwetu wameusoma wote mtaani, mpaka fundi wa plasta amekuja kudai chake na kuvuka barabara kwenda kwa Vidole Tisa. Wifi yako ameusoma kwa sauti mezani, mwanzo hadi mwisho, kisha akaniuliza kama kuna neno hata moja la uongo. Tangu Januari alikuwa ananiambia nikuambie, sasa haniambii kitu.

Ulitaka nifanyeje? Niliyebaki ni mimi. Niliyemwosha, niliyemlisha, niliyemgeuza kitandani ni mimi, na aliyekuwa akiuliziwa ni wewe. Alipokufa karakana ilibaki na mimi na madeni ya mbao. Wewe usingenyanyua kidole kwa ajili yangu, na usibishe. Kwa ajili yake ungefanya. Maiti haulizwi sanda, nikasema hata akitumika haumii, na karakana ni yake.

Sasa nakupa kitu ambacho nilikusudia kufa nacho. Hakuwahi kupangusa viganja. Hata siku ile ya uwanja wa ndege hakupangusa. Hilo nililitunga mimi, nimesimama uani na simu mkononi, kwa hasira. Yeye alishika sikio akatazama mlango, na aliendelea hivyo kila siku. Ulipopiga kwa video nilimwambia kwa mikono kwamba mtandao umekatika. Picha ulizotuma nilizifungia kwenye droo ya plasta. Mwisho hakuweza kuinua mkono. Alinitazama mpaka nikaelewa, nikauchukua mkono wake, nikaupeleka sikioni mwake, nikaushikilia pale. Ndivyo alivyokwenda.

Nimekupa. Sasa uondoe ukurasa.

Kaka


2 Oktoba

Kaka,

Salamu. Baridi imerudi, na sakafu yangu bado ina joto. Dereva wa lori ameshapata mguu kwa Vidole Tisa, anasema unalia akikanyaga klachi na mkewe anacheka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Ni nzuri kupita zote. Ina ule uani, ina droo ya plasta, ina mkono wake ndani ya mkono wako. Ya tarehe tatu Julai nayo ilikuwa na mkasi mfuko wa kulia na nta mfuko wa kushoto.

Nimetafuta wa kumuuliza. Vidole Tisa ameishi mbele yenu miaka yote na hajui hata ishara ya maji. Wifi alikuja hapo Mama akiwa ameshalala kitandani, na alichojua alikijua kupitia kwako. Lugha ya Mama ilikuwa na wasemaji watatu duniani. Tumebaki wawili, na mmoja hasadikiki. Ungeniandikia hayo Januari, pale ulipoandika kwamba hakuna msiba, ningekutengenezea kurasa mpaka vidole vife ganzi, na nisingekuomba kitu. Ulisema nisingenyanyua kidole kwa ajili yako, na hapo ulikosea.

Basi huenda ni kweli. Huenda alishika sikio mpaka mwisho. Mimi nitaishi na hiyo huenda, kwa sababu wewe ndiye uliyeniachia, nawe utaishi na ukurasa. Hautoki.

Jana niliangalia watu wanafikaje hapo. Mwanzoni walikuja kwa jina la karakana. Siku hizi hawalijui hata hilo jina. Wanakaa mahali, katika nchi zote hizo, wanaandika "ndugu yangu hanipi simu niongee na mama", wanaandika "mama yangu kweli yuko hai", na wa kwanza wanayemkuta ni wewe. Hao hawana vigutu, Kaka. Ni wengi kuliko wenye vigutu.

Sikio